Kudai VAT Yako Kabla Hujaondoka Dubai: Hatua kwa Hatua

Kila msimu wa harusi, na kila Idi inapokaribia, napokea maswali yaleyale. "Nasikia Dubai wanarudisha kodi, inapatikanaje?" "Nina risiti za mwezi uliopita, nifanyeje?" "Nimeshafika nyumbani, bado naweza kudai?" Hilo la mwisho ndilo linaloniuma, maana jibu lake ni hapana. Ukishaondoka nchini bila risiti zako kuhakikiwa, basi tena. Kwa hiyo mwongozo huu usome kabla hujapanda ndege kwenda, usingoje mpaka umeshakaa Dar, Mombasa au Unguja na bahasha ya risiti mapajani.

Historia yake ni fupi. Falme za Kiarabu zilianza kutoza VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, tarehe 1 Januari 2018, kwa kiwango cha asilimia 5. Novemba ya mwaka huohuo wakaanzisha utaratibu wa kumrudishia mgeni sehemu ya kodi aliyolipa dukani. Mpango ni wa Mamlaka ya Kodi ya Shirikisho, lakini anayeuendesha madukani, viwanja vya ndege na mipakani ni kampuni ya Planet. Jina hilo likae kichwani, kwa sababu ndilo utakalolitafuta kwenye vibao.

Je, wewe unahusika?

Unahusika ikiwa una umri wa miaka 18 au zaidi, si mkazi wa Falme za Kiarabu, na si mhudumu au rubani wa ndege unayoondoka nayo. Wageni wa matembezi, waliokuja kuona ndugu na waliokuja kununua bidhaa, wote wamo.

Aliye na ukaazi wa kule hahusiki, hata kama pasi yake ni ya Kenya au ya Tanzania. Vijana wetu wengi wanaofanya kazi Dubai, Sharjah na Abu Dhabi hukosea hapa: hununua simu ya kumpelekea mama, wakaenda uwanjani kudai. Mfumo unawatambua kuwa ni wakazi na unawakataa. Ndugu zetu wa Muscat wanaovuka kwa gari kwenda kununua vitu Dubai, wao wanahusika, alimradi hawana ukaazi upande ule. Raia wa nchi za Ghuba anaweza kutumia kitambulisho chake cha taifa badala ya pasi.

Jua kwanza unafuatilia kiasi gani

Watu husikia "kurudishiwa kodi" wakadhani ni fedha nyingi. Mkenya amezoea VAT ya asilimia 16 na Mtanzania wa Bara ya asilimia 18, hivyo hupiga hesabu kwa viwango vya nyumbani. Dubai ni asilimia 5, na hata hiyo hairudi yote. Unarudishiwa takriban asilimia 85 ya kodi uliyolipa, kisha kila muamala uliosajiliwa unakatwa ada ya dirham 4.80 (dirham ni fedha ya kule).

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua bei uliyolipa, kodi ikiwa ndani, ugawe kwa 21. Hiyo ndiyo VAT. Zidisha kwa 0.85, toa 4.80.

Mfano: umenunua mabuibui ya dirham 1,050. Ukigawa kwa 21 unapata 50. Asilimia 85 yake ni 42.50. Ukitoa 4.80, unabaki na dirham 37.70. Dhahabu ya harusi ya dirham 10,500 inakurudishia 420.20. Kwa makadirio ya haraka dukani, sema dirham nne kwa kila mia uliyotoa.

Kwa mtu aliyenunua shati moja na kofia, pengine foleni haina faida. Kwa familia iliyokwenda kununua seti ya dhahabu, simu tatu na manukato ya bi harusi, ni fedha za halali zinazotosha kulipia mzigo uliozidi kilo au teksi ya watu wote mpaka nyumbani.

Mzigo wa kago haumo

Hili nalitenga peke yake kwa sababu ndilo linalowavunja moyo wafanyabiashara wetu kuliko jambo jingine lolote. Marejesho ni kwa bidhaa *unayoondoka nayo wewe mwenyewe*. Ukinunua marobota ya nguo soko la Naif au vyombo soko la Dragon Mart, ukamkabidhi ajenti wa kago ayasafirishe kwa meli au kwa ndege ya mizigo, bidhaa hizo hazirudishiwi kodi kwa utaratibu huu. Haijalishi risiti ni halali na jina lililoandikwa ni lako. Afisa wa uwanjani akitaka kuona mzigo, utamwonyesha nini, na robota liko kwenye ghala la ajenti Deira?

Basi gawanya manunuzi tangu mwanzo. Vitu vidogo vya thamani kubwa, yaani dhahabu, saa, simu, kompyuta na manukato, nunua kwa utaratibu wa marejesho na uondoke navyo kwenye begi. Vile vya uzito mkubwa na thamani ndogo vipeleke kago, na usivihesabie marejesho. Mwenye biashara ya kusafirisha shehena azungumze na muuzaji kabla ya kulipa kuhusu kuuziwa kama bidhaa ya kwenda nje ya nchi. Huo ni utaratibu mwingine kabisa, wenye hati zake za forodha, nao hauhusiani na dirisha la uwanjani.

Andaa haya kabla ya kwenda dukani

- Pasi yako halisi, ileile uliyoingilia nchini. Wapo madukani wanaokubali picha ya kwenye simu, ila usiitegemee.
- Namba ya simu au barua pepe unayoweza kuifungua ukiwa safarini.
- Kadi ya benki, ikiwa unataka fedha zirudi kwenye kadi.
- Bahasha moja ngumu ya risiti. Karatasi za risiti za Dubai hufifia maandishi kwa joto, kwa hiyo piga picha kila risiti siku ileile.
- Nafasi kwenye begi. Bidhaa zote unazozidai zinatakiwa zifikike haraka, zisiwe zimezikwa chini ya kanga na viatu.

Hatua

1. Uliza kabla ya kupatana bei. Siyo kila duka limo kwenye mpango. Tafuta kibandiko cha Planet mlangoni au kwenye kaunta, au muulize muuzaji waziwazi: "Mnasajili marejesho ya kodi kwa wageni?" Maduka makubwa ya Dubai Mall na Mall of the Emirates mengi yamo. Kwenye soko la dhahabu la Deira, maduka mengi makubwa ya vito yamo. Ukiingia kwenye vichochoro vya Naif na vibanda vidogo, mambo hubadilika: biashara yenye mauzo ya chini ya dirham 375,000 kwa mwaka hailazimiki hata kujisajili kwa VAT, na ambaye hakukutoza kodi hana cha kukurudishia.

2. Hakikisha risiti moja inafika dirham 250. Hicho ndicho kiwango cha chini, kodi ikiwa ndani. Ukinunua vitu kadhaa duka moja, omba viandikwe kwenye risiti moja. Tazama tofauti: risiti nne za dirham 262.50 kila moja zitakupa jumla ya dirham 23.30, kwa sababu ada ya 4.80 imekatwa mara nne. Vitu hivyohivyo kwenye risiti moja ya 1,050 vinakupa 37.70. Mtu yuleyule, duka lilelile, ni mpangilio wa karatasi tu uliobadilika.

3. Toa pasi *kabla* muuzaji hajafunga mauzo. Atachukua taarifa zako na kusajili muamala kwenye mfumo. Zamani ulibandikiwa kibandiko nyuma ya risiti. Tangu 2022 mfumo umekuwa wa kidijitali na taarifa zinaingia moja kwa moja. Uzuri wake ni kwamba huna kibandiko cha kupoteza. Ubaya ni kwamba muuzaji akisahau kusajili, kwa macho huwezi kujua. Kwa hiyo usiondoke kwenye kaunta kabla ya kuonyeshwa kuwa muamala umesajiliwa.

4. Isome risiti hapohapo. Angalia vitu vitatu: namba ya usajili wa kodi ya duka, yenye tarakimu 15, VAT iliyoandikwa peke yake, na maelezo ya bidhaa yanayoeleweka. Risiti iliyoandikwa "bidhaa mbalimbali" itakusumbua afisa akitaka kulinganisha na kilichomo begini. Kwa dhahabu, hakikisha uzito, karati, bei ya gramu ya siku hiyo na ujira wa ufundi vimeandikwa kila kimoja mahali pake.

5. Bidhaa ibaki kama ulivyoinunua. Iliyotumika kwa sehemu au yote ukiwa bado kule hairudishiwi. Usifungue manukato "kuonja harufu", usile tende za zawadi, na mkufu uache kwenye kisanduku chake mpaka umalize uhakiki. Najua inavyokuwa vigumu: mwanamke amenunua bangili, leo usiku kuna chakula cha ndugu, anataka azivae. Avae nyingine.

6. Hesabu siku 90. Bidhaa inatakiwa itoke nchini ndani ya siku 90 tangu tarehe ya kununua. Kwa mgeni wa wiki mbili si tatizo. Kwa aliyekwenda kumlea mjukuu akakaa miezi mitatu, manunuzi ya wiki ya kwanza yanaweza kupitwa na muda. Afanye manunuzi makubwa mwishoni.

7. Fika uwanjani mapema, na uende Planet *kwanza*. Hapa ndipo watu wanapopoteza zaidi. Uhakiki unafanywa kabla ya kukabidhi mizigo kwenye kaunta ya ndege. Sanduku likishapita kwenye mkanda, bidhaa zilizomo huwezi kuzionyesha tena. Ongeza angalau saa moja juu ya muda wako wa kawaida. Mwezi wa Desemba na baada ya Idi, ongeza mbili. Uliza kituo cha uhakiki kiko wapi kwenye jengo lako la kuondokea, kwa sababu uwanja wa Dubai una majengo matatu na ndege za kwetu haziondokei jengo moja. Aliye na sanduku la dhahabu jengo la 3 na ndege yake iko jengo la 2 hana muda wa kukimbia.

8. Hakiki. Kwenye mashine ya Planet, weka pasi na miamala yako itatokea kwenye skrini. Pitia orodha, uilinganishe na bahasha yako ya risiti, kisha uthibitishe. Mashine inaweza kukupitisha papo hapo au kukuelekeza kwa afisa akague bidhaa. Ukielekezwa kwa afisa usitishike, haimaanishi umeshukiwa. Mwonyeshe pasi, risiti, tiketi na bidhaa yenyewe. Ndiyo maana nilisema viwekwe juu.

9. Chagua njia ya kupokea. Unaweza kurudishiwa kwenye kadi au kupewa dirham taslimu. Taslimu ina kikomo kwa mtu mmoja, hivyo mwenye kiasi kikubwa huenda akaishia kwenye kadi. Kwa kiasi kidogo napendelea taslimu: unaipata mkononi, na inakusaidia kununua maji na chakula uwanjani. Kwa kiasi kikubwa kadi ni salama zaidi, ila fedha huchukua siku kadhaa kuingia, na benki yako itazibadilisha kuwa shilingi kwa bei yake.

10. Pokea stakabadhi, kisha ukabidhi mizigo. Usiitupe mpaka fedha zimeingia. Sasa nenda kaunta ya ndege.

Wanaotoka kwa barabara kuelekea Oman au Saudia wana vituo vyao mpakani, kwa mfano Hatta na Al Ghuwaifat. Hatua ni zilezile. Simamisha gari uhakiki kabla hujapita upande wa pili.

Vitu ambavyo havirudishiwi, hata ukibishana

Huduma zote: hoteli, migahawa, teksi, tiketi za matembezi ya jangwani, saluni. Magari, boti na ndege pia havimo, kwa hiyo aliyekwenda kununua gari asiulize. Na hili la dhahabu lieleweke vizuri: vito, kama mikufu na bangili, vinatozwa VAT na unaweza kudai. Lakini vipande vya dhahabu vya kuwekea akiba, vyenye usafi wa asilimia 99 au zaidi, hutozwa kwa kiwango cha sifuri. Hujalipa kodi, basi hakuna marejesho. Muuzaji akikuambia kipande cha karati 24 cha kuweka akiba "kina VAT ya kurudishiwa", mwombe akuonyeshe mstari wa kodi kwenye risiti kabla hujalipa.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kusajili kwa pasi ya mwenzako. Mmoja kwenye kundi anajua Kiarabu au Kiingereza, basi anatoa pasi yake kwa manunuzi ya watu wote. Siku ya kuondoka, yeye anaruka na ndege ya asubuhi, na wenzake wanaondoka usiku na bidhaa. Aliyesajiliwa hana bidhaa, mwenye bidhaa hakusajiliwa. Kila mtu asajili vyake.

Kukubali "bei bila risiti". Muuzaji anakupunguzia dirham kumi au ishirini usidai karatasi. Kwa mtazamo wa haraka inalingana na marejesho, lakini umepoteza dhamana ya simu, uthibitisho wa karati za dhahabu na haki ya kurudisha kitu kibovu. Na ukifika nyumbani, afisa wa forodha anapokadiria thamani ya mzigo wako, huna cha kumwonyesha. Mimi risiti siiachi, hata duka likiwa haliko kwenye mpango.

Kudhani marejesho yamemaliza mambo ya kodi. VAT uliyorudishiwa ni ya Dubai. Ushuru wa kuingiza bidhaa Kenya, Tanzania au Uganda uko palepale, na wala hautapungua kwa sababu ulirudishiwa kule.

Kuuliza London kwa kanuni za Dubai. England, Scotland na Wales walifuta marejesho ya aina hii kwa wasafiri tangu 1 Januari 2021, kwa hiyo shangazi anayekuambia "hata Uingereza nilipewa" anakumbuka miaka ya nyuma.

Ikikwama

*Muamala hauonekani kwenye mashine.* Kwanza angalia kama umeweka pasi ileile uliyoitoa dukani. Wakenya wenye uraia wa nchi mbili hukutwa na hili sana: wameingia kwa pasi moja, dukani wakatoa nyingine. Kama pasi ni sahihi, mpelekee mhudumu wa Planet risiti yako. Ikiwa duka halikusajili kabisa, ni duka pekee linaloweza kurekebisha, na ukiwa uwanjani muda huwa umekwisha. Hii ndiyo sababu ya kuthibitisha ukiwa bado kwenye kaunta. Ukigundua siku moja kabla ya safari, rudi dukani na risiti, bidhaa na pasi.

*Umeshakabidhi sanduku.* Mwambie mhudumu wa kaunta ya ndege mara moja, kabla halijaenda mbali. Shangazi yangu alikumbuka dakika chache baada ya mkanda kuondoka na begi lake, na mhudumu mwenye huruma akalirudisha. Ni huruma, si haki yako, na mara nyingi haiwezekani. Bidhaa ulizobaki nazo mkononi bado unaweza kuzidai.

*Umerudisha bidhaa dukani ukabadilishiwa.* Muamala wa kwanza lazima ufutwe na mpya usajiliwe. Usiache miamala miwili kwa bidhaa moja; afisa akikuta risiti ya bangili mbili na wewe una moja, atakuwa na maswali.

*Mashine imekuelekeza kwa afisa na foleni ni ndefu.* Waonyeshe wahudumu muda wa ndege yako kwenye tiketi, kwa upole, uombe kusogezwa. Ikiwa lango la ndege linakaribia kufungwa, piga hesabu tena: dirham 37 hazilipi tiketi mpya ya kurudi.

*Fedha hazijaingia kwenye kadi baada ya wiki kadhaa.* Toa ile stakabadhi, uwaandikie Planet ukiambatanisha picha yake na namba ya muamala. Wakati huohuo ulizia benki yako kama kuna malipo kutoka nje yaliyozuiwa au kurudishwa. Kadi iliyokwisha muda au kufungwa kati ya siku ya kununua na siku ya malipo ni sababu ya kawaida, kwa hiyo tazama tarehe iliyoandikwa kwenye kadi kabla ya kuichagua pale kwenye mashine.